Motokari Iliyotoshwa Sauti

Makomeno, Lubumbashi

Kwako yaya wangu, kaka yangu mkubwa Djafari,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute huko Mbeya ukiwa mzima, umekula, na unalala kitandani, si juu ya magunia ya wateja wako. Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la kiangazi, lakini bado anatugombeza sote bila kuchoka, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Utashangaa kwa nini nimeandika na kumpa dereva wa lori badala ya kupiga simu. Subiri, utaelewa. Nina habari kubwa!

Ni habari ya Mercedes ya baba. Unakumbuka ile Ijumaa ulipompigia simu ukamwomba mambo mawili: auze motokari kwa rafiki yako wa Kasumbalesa, kule mpakani, na akubali umwoe Léa wako, ingawa ni Mkatoliki. Akajibu ndiyo, ndiyo, hakuna neno. Nyumba nzima tulipigwa na butwaa. Baba yetu, ambaye hakuruhusu mtu hata kubamiza mlango wa ile motokari! Mama alifurahi kwa ajili ya Léa, akaanza kutafuta vitenge. Mimi nililia kwa ajili ya motokari. Nimekulia kwenye kiti chake cha nyuma, yaya. Tangu mwaka juzi baba alisema imekufa, akaifunika turubai, asiiguse tena. Nikawaza, nikiitengeneza kabla mnunuzi hajafika, labda moyo wake utairudia.

Nikaipeleka kwa fundi Ephraïm, barabara ya Kasungami. Ilikwenda ikikohoa kumshinda mama, moshi mweusi nyuma, kilima kidogo tu inakataa. Ephraïm akajilaza chini yake, akatoka akicheka. Akaniambia injini ni nzima kabisa, ila eshapema, yaani bomba la moshi, limeziba kwa masizi, na silansie, lile kopo la kuzuia kelele, limeoza kwa kutu. Injini ya mazuti, yaani dizeli, ikikosa pa kutolea moshi, itapata wapi nguvu? Nami kwa kuwaogopa majirani nikamwambia afungue moshi upite, na zaidi ya yote, "uitoshe sauti".

Sasa wewe uliyezoea Kiswahili cha Mbeya usinicheke. Unajua kwetu kutosha kitu ni kukiondoa, lakini pia ni kukifanya kitoke nje. Mimi nilitaka kelele iondolewe. Ephraïm akaelewa nataka motokari ipaze sauti! Akakata silansie yote, akachomelea bomba jipya nene, limenyooka mpaka nyuma. Nilipowasha, kuku wa jirani yake waliruka ukuta. Nikamwakia kweli kweli. Naye ananitazama tu, anasema amefanya nilichoomba, tena vizuri.

Lakini nguvu, yaya, nguvu! Kilima kile kile ilikipanda kana kwamba hakipo. Nikarudi Makomeno na aibu na furaha pamoja. Mama Régine wa nyumba ya pili akatoka kuuliza kama malori ya mgodi sasa yanapita kwetu. Nikajua leo baba atanitoa roho.

Baba alikuwa amekaa nyuma ya nyumba. Siku hizi tunamwita mpaka tunachoka, hata tukasema uzee umemfanya mtu wa kununa. Safari hii alikuja bila kuitwa. Akaweka mkono juu ya boneti, akafumba macho, na injini bado inanguruma. Mimi nikangoja matusi. Akasema, "Ramla, haikukufa motokari. Ni masikio yangu. Nilikuwa siisikie tena, nikaogopa nitaua muntu."

Machozi yalinitoka hapo hapo. Tangu mwaka juzi baba hasikii vizuri, na aliona haya kutuambia. Akakiri hata kwenye simu anajua tu kwamba wewe unaongea, basi anajibu ndiyo ili usihuzunike. Ile Ijumaa hakusikia neno lako hata moja. Si la motokari, wala la Léa.

Najua moyo wako umeruka. Wangu pia uliruka, na mama alivikunja vitenge vyake. Nikayaandika maswali yako yote mawili kwa herufi kubwa, nikampa. Akasoma, kisha akaitaka barua hii. Nimemwachia nafasi hapa chini ajibu mwenyewe.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na usisahau sala. Msalimu Léa hata kama unatetemeka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ramla

Djafari mutoto yangu. Motokari, hapana. Léa, ndiyo. Mukuye huku nyumbani, wewe na Léa, bote babili. Tutakuya kubapokea ku Kasumbalesa. Ramla atashika usukani, mimi nitasikiliza injini. Mutatusikia mbele ya kutuona.
Baba yako, Yuma