Maswali ya Baba Yasiyotaka Jibu

Jumanne, 3 Desemba 2024

Mtihani wa kidato cha nne umekwisha na bado naamka saa kumi na moja, kama vile kuna mtu atapiga kengele hapa Ipyana. Daftari langu la Kiingereza limebaki na kurasa tisa tupu. Siku ya mwisho Mwalimu Jubilate alituambia tamathali za usemi za Kiingereza haziishi vitabuni, zinaishi midomoni mwa watu. Nendeni mkazitege, alisema. Basi natega. Nyumbani kwetu.

Wa kwanza kunaswa ni Mama. Jirani alikuja kuazima jembe, Mama akamwambia karibu, kuna vindizi viwili vitatu tu. Sufuria ilikuwa imejaa hadi mfuniko haufungi! Hiyo ni understatement, kupunguza jambo kubwa. Alama moja.

Baba alirudi akakuta kokoa hazijageuzwa juani. Akauliza hivi nyumba hii ina watu kweli. Nikajibu wapo watatu, wanne ukimhesabu jirani.

Mama alinifinya. Kumbe ile ilikuwa rhetorical question, swali lisilotaka jibu. Hiyo sitaisahau. Mkono bado unauma.

Jumatano, 4 Desemba

Shangazi Nancy, dada yake Baba, amekuja kutoka Mbugani kwenye duka lake la vitenge. Amengoja bajaji miaka mia. Jua limempasua kichwa. Njaa imemla hadi mifupa. Hyperbole tatu, yaani kutia chumvi, na viatu hajavua. Nilikuwa nahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo.

Halafu akasema kilichomleta. Wateja wa Krismasi wamemzidi, ananitaka dukani kuanzia Jumanne ijayo, na nikizoea nibaki huko huko. Mama akasema si vibaya. (Understatement. Maana yake amefurahi mno.) Baba akauliza, "Na mtoto mwenyewe ana moyo wa duka?" Mimi nikaweka alama tu, swali la kumi na moja tangu jana.

"Huyu kama chungu cha Wakisi," Shangazi akasema. "Kizuri, lakini hakitoi sauti mpaka ukigonge." Akanigonga utosini kwa kifundo cha kidole, kama wanavyofanya sokoni kusikiliza kama chungu kina ufa. Lazima nikiri, simile safi, yaani tashbihi.

Ambalo sikusema: Mwalimu Jubilate anawafundisha watoto wanaosubiri kidato cha kwanza, kwenye ukumbi wa kanisa. Ameniomba nimsaidie kipindi cha Kiingereza. Kuanzia Jumanne hiyo hiyo. Nakitaka kipindi hicho kuliko kitu chochote, na hiyo si hyperbole. Nyumbani sijamwambia hata paka.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua. Tumekimbia na majamvi ya kokoa mara nne. Baba: hivi mvua hii inanitafuta mimi? Mnataka nikaongee na mbuzi? Nani humu ananisikiliza? Jumla maswali ishirini na matatu.

Nimepanga matokeo ukurasa wa mwisho wa daftari la Kiingereza, kwa Kiingereza, ili asielewe mtu. Mama: hupunguza kila kitu isipokuwa chakula. Shangazi: hyperbole yenye miguu miwili. Baba: maswali ishirini na matatu, majibu hayataki. Nimecheka peke yangu mpaka Mama akauliza kama nina homa.

Jumapili, 8 Desemba

Naandikia jikoni. Haraka.

Baada ya ibada Mwalimu Jubilate alikuja mwenyewe. Nikachuchumaa, nikamwamkia "Mugonile," nikataka kupotelea jikoni, Baba akasema kaa. Mwalimu akaeleza ombi lake lote. Shangazi, aliyerudi leo kula nasi, akasema nikienda huko duka litakufa na tutalizika kabla ya Krismasi. Mama akasema jamani mle kwanza, ni chakula kidogo tu. Mlima wa wali na samaki mbasa watatu wakubwa.

Ndipo Shangazi akachomoa daftari langu la Kiingereza chini ya kitenge chake. Alilikuta kabatini. "Mwalimu, ndaga, asante, tusomee hapa. Nimeona jina langu."

Mwalimu alitafsiri polepole. Kwenye miguu miwili alikohoa. Shangazi akasema tangu azaliwe duniani hajawahi kuzidisha neno hata moja. Mwalimu akainamia sahani. Mama alijifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika.

Halafu ikafika zamu ya Baba. Akaacha kula.

"Ishirini na matatu?"

Mwalimu akasema ndivyo ilivyoandikwa.

"Hayo yote nilikuwa nauliza," Baba akasema. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Miaka yote nauliza humu ndani. Nikadhani hamtaki kunijibu."

Mama akashusha khanga. Hakuwa anacheka tena.

Baba akanigeukia. "Kisa. Jumanne unataka kwenda wapi?"

Nilitafuta tamathali ndani ya swali lile. Haikuwepo. Shangazi akagonga meza kwa kifundo, mara mbili, akasikiliza. Nikasema naleta chai, nikakimbia.

Shajara hii huwa naificha kwenye debe la mchele, huko Shangazi hajafika. Baba ameita: kwani chai bado inachumwa Tukuyu?

Zamani ningeweka alama ya ishirini na nne. Nimejibu, "Hapana Baba, imeshaiva." Kwa sauti. Nimemsikia Shangazi akisema, he!

Jibu lile jingine, la Jumanne, ni maneno mawili: kwa Mwalimu. Nimeyajaribu mbele ya mafiga matatu, hakuna lililopinga. Vikombe vinne, sukari, sinia. Nimeshasimama, na mkono wa kushoto bado umeshika shajara hii. Naifunga, nampelekea Baba jibu lake.