Shemeji na Bega Langu

Jumamosi, 3 Aban
Bega limegoma tena! Rungu la kulia limeniponyoka, likagonga ukingo wa shimo la mazoezi. Morshed Yadollah, mpiga ngoma anayetuongoza, akanyamaza, na zurkhane nzima, ukumbi wetu wa mazoezi, ikanitazama. Aibu! Miaka yote katikati nasimama mimi, wenzangu wananifuata. Leo kasimama shemeji yangu Siavosh. Uso wa huzuni, eti. Huzuni gani ya mtu aliyeanza kujinyoosha kabla hajaitwa?
Na anayetibu misuli hapa Kashan ni nani? Siavosh huyo huyo.

Jumatatu, 5 Aban
Kliniki kwake. Mazoezi ya ajabu! Nisukume ukuta. Ukuta hauendi, mkono hauendi — jasho tu. Anasema msuli unafanya kazi hata usipofupika wala kurefuka. Haya. Kisha uzito: mkono mzima usaidie kupandisha, mbovu ushushe peke yake. Polepole.
“Shemeji, ukipandisha, msuli unavuta huku unafupika. Ukishusha, unazuia huku unarefuka. Wewe umedhoofika kwenye kushusha.”
Nikamwambia kushusha hata gunia la vitunguu linajua. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 7 Aban
Jana nafuu, leo hata nywele siwezi kuchana. Nilijua! Ananimaliza taratibu ili katikati pawe pake.
Mahrokh anasema kaka yake alionya: kushusha huchubua nyuzi za msuli, maumivu huja baadaye, zikipona zinakuwa imara. Alionya lini? Kumbe wanazungumza nikiwa sipo. Hata mke wangu yuko upande wake.

Ijumaa, 16 Aban
Nimekwenda kutazama tu. Kabla ya kuanza Siavosh kaniinamia mbele ya watu: “Ruhusa, pahlavan, bingwa wetu?” Wote: ana adabu huyu! Adabu za namna hiyo nazijua. Ukitaka kumvua mtu joho lake, unaanza kwa kumsifia.
Jambo moja sikulielewa. Hakusimama katikati hasa. Alisimama hatua moja pembeni, mpaka mwisho. Labda pale taa inamwangaza vizuri zaidi.

Jumanne, 27 Aban
Nimeshusha samova, birika kubwa la chai la marehemu mama, kutoka juu ya kabati. Nzito ile! Nilipoiweka mezani ndipo nikakumbuka kwamba nina bega. Mahrokh aliniona, akajifanya anapanga vikombe.
Kwa hiyo ananiponya kweli. Kwa nini? Anataka nini huyu?

Ijumaa, 7 Azar
Chumba cha kuvalia. Wenzetu wameshateremka shimoni. Siavosh kaja na marungu yangu.
“Shemeji, katikati ni kwako.”
Nikajibu kiungwana: “Haiwezekani. Wewe, nakusihi.”
“Shemeji, tafadhali.”
“Wallahi wewe!”
Kwetu mtu akikaribishwa hukataa mara mbili kwa adabu, kila mtu anajua. Akisihiwa mara ya tatu, hiyo ndiyo ya kweli. Ya tatu hajasema! Nimempa mgongo, najifanya natafuta taulo, naandika. Kama ilikuwa adabu tu, sasa hivi atageuka ashuke yeye. Moyo unanidunda. Napataka pale jamani, napataka!
Ngoma imeanza. Hajaondoka. Namwona kwenye kioo: ameyanyoosha marungu yote mawili mbele yake, kuelekea kwangu. Hayapandi, hayashuki. Uzito wa marungu yale naujua. Mikono imeanza kumtetemeka, shingo imemvimba, ya tatu haisemi kwa mdomo, na bado hayaweki chini —