Rafiki Yake Amekufa, Nami Namwambia Simu Imeharibika

Shangazi mpendwa, nisaidie, maana nimejifunga kamba kwa mkono wangu mwenyewe na sasa sijui naanzia wapi kuifungua. Mimi ni fundi cherehani, naishi na mdogo wangu wa kike ambaye ni msusi, yeye alipandikizwa figo, na figo yenyewe nilimpa mimi, basi anameza dawa za kushusha kinga ya mwili ili isikataliwe, na ugonjwa ambao kwetu ni mafua tu kwake ni balaa. Kliniki alipata rafiki, mama mmoja muuza viatu, naye amepandikizwa, tulimwita Kicheko kwa sababu akianza kucheka hata muuguzi anaweka sindano chini, wakawa chanda na pete. Sasa hii homa ya virusi iliyoingia, wengine tunakohoa tunapona, lakini wagonjwa wa kliniki yao inawapukutisha, leo huyu kesho yule, na Kicheko naye alilazwa ghafla, mdogo wangu asijue, halafu mumewe akanipigia nikiwa kwenye cherehani akasema, "Shemeji, mwenzetu hatunaye. Mwambie mdogo wako taratibu." Nilifika nyumbani nikamkuta mdogo wangu anaosha vyombo huku anaimba, nikasema kesho, na kesho ikazaa kesho, tukamzika Kicheko nikiwa nimeaga naenda kumpima mteja nguo.

Shangazi, kila asubuhi anamtumia Kicheko ujumbe wa sauti, "Wewe mwanamke, umeninunia?" na mume wa marehemu, aliyebaki na simu, anausikia tu, nami nimemwambia simu ya mwenzake imeharibika. Kliniki wamekataza wagonjwa kukusanyana, dawa zake nachukua mimi, kwa hiyo hajui lolote, na nikimwambia avae barakoa ananicheka, "Dada, ingekuwa inaua kweli, Kicheko si angeshaazima simu aniambie?" Jana kamsuka mteja anayekohoa hadi machozi, madirisha yamefungwa. Naogopa akijua atakata tamaa aache dawa, kama alivyotaka kufanya siku mama yetu alipofariki, na naogopa atanichukia. Nimwambie, au nisubiri homa ipite?

Dada Mtu

*

Dada Mtu, pole. Kumzika mtu uliyempenda huku umeaga unakwenda kupima nguo ni kubeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja. Sasa nisikilize, maana pole yangu imeishia hapo.

Unasema unamlinda. Na nini, machozi? Machozi hayajalaza mtu wodini. Kikohozi cha mteja wake ndicho kinacholaza. Umempa figo, kisha umemnyima habari ya kuilinda! Mwenyewe amekwambia ni nani angemwamini kuhusu homa hii, nawe kinywa hicho umemzibia. Usisubiri ipite. Ukichelewa, ataambiwa na mteja, kitana kikiwa mkononi.

Mwambie leo, kabla hajafungua saluni. Sema "amekufa". Usiseme "amezidiwa", usizunguke mbuyu. Sema ulimficha, wala usijitetee. Akikufukuza chumbani, toka ukae mlangoni. Mpigie muuguzi wao umweleze habari ya yule mteja, na msingoje joto lipande ndipo mwende. Dawa mpe wewe mkononi umwone anameza, kwa sababu majonzi husahaulisha. Saluni ifungwe kwanza, na itakapofunguliwa, madirisha yawe wazi na anayekohoa arudi akipona, hata awe mke wa mwenye nyumba. Na wewe unayeingia kliniki kuchukua dawa, vaa barakoa, nawa mikono, usije ukawa wewe ndiye mlango wa kuingilia. Kuhusu kukuchukia: na akuchukie. Anayechukia yu hai.

Jibu hili sikuliacha lisubiri gazeti, nilikusomea kwa simu. Jioni ukanipigia. Hakupiga kelele, ulisema. Alikaa kitandani, akauliza, "Alikufa akiwa na nani?" Ukamjibu, na mumewe, ndipo akalia. Dawa alimeza bila kukutazama usoni. Kisha akasema koo linamwasha tangu asubuhi, nawe ukaniuliza umjibu nini. Nikakujibu hivi:

Mpeleke akapimwe sasa hivi, usingoje kuche. Na njiani akikuuliza kama ni kitu kidogo tu, usimwambie ndiyo. Mwambie hujui, na umshike mkono.