Meneja Anapunguza Uzito

Jumatatu, 4 Machi
Nimempeleka paka wa Mama kwa daktari wa wanyama. Ndani ya kapu la nguo chafu — kikapu chake hakimtoshi tena. Daktari kamwinua, kaguna. Anaitwa nani? Meneja, nikasema, kwa sababu anashinda amekaa na anakula wa kwanza. Hakucheka. Mafuta yatamwingia kwenye ini, akasema. Chakula kipungue, na achezeshwe kila siku. Mbwa unamrushia mpira, paka unampa kitu cha kuwinda. Akimbie, aruke.

Nikamweleza Mama. "Aruke aende wapi?" Yuko kitandani, Meneja miguuni pake. Mfupa wa mguu aliouvunja alipoanguka bafuni umeshaunga, na daktari wake naye kamwambia atembee. Kila siku anasema kesho. Wawili hawa wangeandikiwa cheti kimoja.

Jumatano, 6 Machi
Nimerusha mpira. Meneja kautazama ukipita, kama mgeni wa heshima anayetazama gwaride. Mbwa wa fundi viatu wa jirani ndiye aliyeingia kuuokota. Nikarusha tena, akaja tena. Mbwa yule amepata mazoezi mazuri sana.

Ijumaa, 8 Machi
Leo! Nilikuwa napima pazia la mteja, ncha ya futi ikaning'inia mezani. Ile futi yangu ya njano, laini, ya kushonea. Meneja akashuka kitandani mwenyewe. Tumbo chini, mkia unacheza — akaruka! Nikafunga kipande cha kitambaa kwenye ncha, nikaiburuta hadi mlangoni. Kafuata mbio.

Mama kutoka chumbani: "Unavuta vibaya. Panya hakimbii hivyo."
"Basi njoo uvute wewe."
Akageukia ukutani.

Jumanne, 12 Machi
Mama anavuta futi akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Miguu sakafuni! Sisemi kitu. Ukimsifu tu, analala.

Jioni nikamwambia Mama kwamba paka anakosa uwanja humo chumbani, labda avutie kwenye kiti cha dirishani, huku ninakoshonea. Kanitazama sana. Ananijua. Lakini kaenda — mkongojo huku, bega langu huku, akininung'unikia njia nzima.

Alhamisi, 14 Machi
Balaa. Kaja Madamu, mwenyekiti wa kwaya. Nashona sare za kwaya nzima, naye ndiye wa kwanza kupimwa. Nikamzungushia futi kiunoni, ncha ikabaki inaning'inia nyuma yake. Wala sikuwaza. Meneja akafanya alivyofundishwa!

Sauti aliyoitoa Madamu, kwaya yake haijawahi kuifikia. "Chui huyu umemtoa wapi?" Chumbani Mama anacheka hadi anakohoa. Cheko hilo sijalisikia tangu aanguke.

Madamu hakucheka. Atarudi Jumamosi. Akimwona tena paka yule, sare anampa fundi mwingine.

Mama akasema basi, mchezo tuuache, nisije nikakosa kazi kwa ajili yao. Karudi kitandani. Meneja kamfuata, kajikunja palepale pa zamani. Kazi naitaka. Ila kitanda kile kinanitisha kuliko Madamu.

Jumamosi, 16 Machi
Naandika nimesimama, daftari juu ya cherehani. Madamu yuko nyuma ya pazia anajaribu blauzi. Vipimo vya sketi bado.

Meneja nilimfungia kwa Mama. Mlango umefunguka! Ametoka, yuko chini ya meza, ananitazama shingoni. Futi nimeivaa shingoni. Siwezi hata kumfukuza, Madamu atasikia.

Sasa kitambaa kilichofungwa uzi kinatoka mlangoni kwa Mama. Kinatambaa. Kinasimama. Kinakimbia kidogo, kinasimama tena. Kweli, panya ndivyo anavyokimbia. Meneja kageuka.

Kwenye ncha ya pili ya uzi yuko Mama. Anarudi kinyumenyume kuelekea jikoni, mkono mmoja ukutani, mwingine unavuta. Mkongojo nauona umeegemea kitanda. Kanikonyeza, ninyamaze.

"Fundi, nitoke?"
Nimemwambia bado kidogo, Madamu. Bado kidogo.