Picha Kumi na Nane kwa Kila Mtoto

Mwanza, 4 Februari 1990

Mke wangu Mama Kahigi,

Nakusalimu wewe, mama yangu na watoto wote wawili. Mimi mwili haujambo, ila macho yanauma kwa dawa za kusafishia picha. Nijulishe kama mguu wa mama umepona.

Ile picha uliyompa kazi mpiga picha wa mnadani nimeipata. Pesa imepotea. Watoto wamesimamishwa kama askari mbele ya nyumba. Nimewapima kwa rula, kila mmoja sentimita mbili, uso doa jeusi. Mabati nayaona, migomba naiona, watoto siwaoni. Na huu ni mwaka wa nne sijawatia machoni; huyo mdogo hata siku moja.

Basi nakutumia kamera kwa mkono wa Xaveri, dereva wa lori. Usiiogope. Mimi nilianza kwa kufagia studio ya mtu, hakuna aliyenifundisha, nikachungulia mpaka nikafungua ya kwangu. Usipige saa sita, jua hufanya macho kuwa mashimo. Waweke chini ya upenu, uso uelekee kwenye mwanga. Piga magoti, kamera iwe usawa wa macho yao, hatua mbili tu kutoka walipo. Usimwambie mtoto "tulia". Mpe kitu ashike, ngoja ajisahau, ndipo ubonyeze. Mkanda ukiisha mrudishie Xaveri, nitausafisha mwenyewe.

Mumeo,
Baba Kahigi

Nyakatuntu, 18 Machi 1990

Baba Kahigi,

Salamu zako zimefika, nasi tuko wazima. Mama anatembea kwa fimbo lakini mdomo hauna fimbo. Watoto wanakuamkia shikamoo.

Nimepiga zote thelathini na sita. Mama alisimama nyuma yangu muda wote: "Placidia, mbona unawakata watoto miguu? Watatembelea nini huko Mwanza?" Nikamwambia ndivyo mwanao alivyoagiza. Akasema picha isiyo na miguu ni ya kitambulisho, si ya mtoto.

Jambo jingine, na naliandika mara ya tatu. Projest anatimiza miaka mitatu mwezi huu na ana jina la ubatizo tu. Jina la ukoo linasubiri neno lako. Mama anasema hawezi kumwita wala kumwonyesha sehemu yake ya migomba kibanjani kabla baba hajasema. Wenzake wanaanza kumuuliza yeye ni wa nani. Neno moja tu, Baba Kahigi.

Mkeo,
Mama Kahigi

Mwanza, 22 Aprili 1990

Mama Kahigi,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Mimi napumua.

Katika picha 36 zimetoka nne, na zote zimetikisika. Unashika pumzi? Bana viwiko kwenye mbavu, pumua nje, kisha bonyeza. Nakutumia mkanda mwingine. Safari hii kila mtoto peke yake, picha 18 Kahigi, picha 18 mdogo. Uso tu. Sita kwa mbele, sita upande wa kushoto, sita upande wa kulia. Wanyoe nywele. Masikio yaonekane vizuri, hasa ya mdogo. Mashati yavuliwe, sitaki kola.

La jina nitalijibu baada ya picha.

Baba Kahigi

Nyakatuntu, 27 Mei 1990

Baba Kahigi,

Hatujambo, ila Kahigi homa imemrudia, amekonda. Wewe je, macho yanaendeleaje?

Nimefanya ulivyosema, kumi na nane na kumi na nane. Nimeshika pumzi mpaka nikaona kizunguzungu. Wamenyolewa kama maboga.

Lakini nikuulize, maana mimi si mtoto. Masikio ya nini? Tangu lini mtu akamkumbuka mtoto wake kwa sikio?

Mama Kahigi

Mwanza, 9 Julai 1990

Placidia,

Salamu.

Umeuliza, nakujibu. Niliondoka tarehe 14 Juni 1986. Mtoto akazaliwa 26 Machi 1987. Hesabu, nimehesabu mara kumi: siku 285. Mimba ni siku 270. Hizo 15 zilitoka wapi? Nimekaa nazo kifuani miaka mitatu huku nikituma sukari na sabuni. Nikasema nisimwonee mtu, nione uso kwanza.

Nimeona. Picha za 1 hadi 18 za Kahigi zimetoka safi. Ni mimi mtupu, paji, sikio lililobana, mdomo. Moja nimeikuza nikaitundika studio, wateja wanasema huyu baba hawezi kumkataa. Kuanzia 19 hadi 36, huyo mdogo, sikumwona mtu wa kwetu. Pua si yetu, kidevu si chetu. Nimekutumia moja, nimeandika namba 22 nyuma, uitazame na wewe.

Jina la ukoo wetu hatapata. Mpeleke kwenu Nyakakika. Kahigi abaki kwa mama.

Yustus

Nyakatuntu, 2 Agosti 1990

Baba Kahigi,

Nakusalimu, kwa kuwa nimelelewa kusalimu.

Zile siku kumi na tano angekwambia nesi wa hospitali ya Nyakahanga. Alisema nimepitiliza, akanilaza siku nne. Imo kwenye kadi ya kliniki, ningekutumia ungeuliza. Hukuuliza.

Picha namba 22 nimeitazama. Nikampa mama. Akasema, "Huyu Kahigi mbona amekonda hivi?" Asubuhi ile Kahigi alikuwa anatetemeka kwa homa, nikamwacha alale, nikaanza na Projest. Za kwanza kumi na nane ni Projest. Za mwisho ni Kahigi, uliyemwacha ana miezi kumi. Kimo wamelingana sasa, na ulitaka uso tu. Sikuandika nani ni nani. Nilidhani baba atawajua.

Kwa hiyo uliyemtundika ukutani ndiye unayemfukuza, na uliyemkana ndiye unayeitwa kwa jina lake. Sitaki uniombe radhi. Andika jina la mtoto, mstari mmoja, mpe Xaveri.

Mama yao

Nyakatuntu, 30 Septemba 1990

Baba Kahigi,

Tuko wazima. Xaveri amepita mara mbili mikono mitupu. Anasema alikukuta studio na barua yangu iko mezani, imefunguliwa. Mtoto bado anasubiri.

Mama yao

Mwanza, 11 Novemba 1990

Placidia,

Msalimie mama.

Barua zako mbili nimezisoma. Nilizitoa picha zote 36, nikazipanga mezani, nikafunga mlango wa studio siku tatu. Nilimtafuta Kahigi kwenye za mwisho, sikumpata. Nikarudi kwenye za kwanza, na yule niliyesema ni mimi mtupu, sasa namtazama naona mtoto wa mtu. Nikachukua kioo nikajitazama na mimi. Sijui nilikuwa naona nini.

Ya ukutani nimeishusha. Mteja akiuliza, nasema ilikuwa ya mfano.

Siwezi kuandika jina la mtoto nisiyemjua, na hata yule niliyempa jina simjui. Mama afanye atakavyoona, kwa wote wawili. Kamera kaa nayo. Mikanda usinitumie tena.

Yustus