Kiapo cha Fundi Fikri

Dumyat, 9 Oktoba 2009

Kwa binti yangu Sawsan,

Salamu nyingi kuliko maranda yaliyojaa chini ya benchi langu. Natumai huko Milano hamjambo, wewe na mumeo Mukhtar, na baridi haijaanza kuwauma. Sisi wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, na moyo. Barua hii nampa Gharib, yule fundi wa kupaka vanishi; shemeji yake anasafiri Jumapili, atakuletea pamoja na makopo mawili ya jibini. Sikupiga simu kwa sababu mama yako akisikia nazungumza nawe huja kusimama begani pangu, na haya siwezi kuyarudia mbele yake.

Mwanangu, nimekula kiapo.

Unamjua Raafat Shahbandar, mwenye kiwanda cha vigae, tuliyemkabidhi timu yetu ya mpira, Msumeno, miaka minne iliyopita. Siku ile tulimbeba juu juu, mimi mguu wa kulia, Gharib wa kushoto. Laiti tungemwangusha! Kwanza aliuondoa msumeno kwenye jezi, akabandika kigae. Tukasema haya, wachezaji nao wanataka kula. Kisha akamuuza mshambuliaji wetu siku mbili kabla ya mechi na Port Said. Tukameza. Ijumaa iliyopita tunafika langoni, walinzi wanatunyang'anya mbao zetu! Zile mbilimbili tunazogonganisha tukifunga bao, tangu enzi za babu yako. Eti ni silaha. Nikamwuliza mlinzi, "Silaha? Kwani kwenu mnalala juu ya kitanda cha udongo?" Watu wakaangua kicheko. Mara akatokea Shahbandar mwenyewe na miwani yake myeusi. "Mzee, usijisumbue," akasema. "Msimu ujao timu inahamia mji mpya kule jangwani. Huko watazamaji wanapiga makofi kama watu."

Damu ikanipanda. Nikapaza sauti mbele ya watu kama mia mbili: "Nikikanyaga ndani ya uwanja huu na wewe bado ndiye mwenye timu, mke wangu kaachika!"

Gharib akaninong'oneza, "Fundi, si ungeapa kuacha sigara tu?"

Habari zilinitangulia nyumbani. Mama yako akaniwekea chakula, akakaa kando, akaanza kuchambua mchele. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na sijawahi kuogopa mchele kama siku ile.

Baba yako

*

Milano, 25 Oktoba 2009

Baba yangu,

Naanza kwa kuibusu mikono yako, japo ulimi wako ungefaa kuchapwa. Mimi na Mukhtar wazima. Jibini imefika, barua imefika, na Mukhtar kacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Mimi sikucheka. Haya basi, kidogo.

Lakini Baba! Kuna wanaume wa kuapa kwa talaka, na kuna wewe, usiyejua hata kukaanga yai. Nilimpigia Mama, akaniambia maneno haya tu: "Baba yako kaniweka rehani kwa sababu ya mpira," kisha akaniuliza hali ya hewa.

Kuhusu Shahbandar, nakuunga mkono kwa moyo wote. Nilikuwa na miaka sita uliponibeba mabegani siku timu ilipopanda daraja, ukagonga mbao sikioni pangu mpaka nikalia. Mbao zangu ziko hapa ukutani jikoni. Juzi tulipofunga nilizigonga, na jirani wa chini akanijibu kwa ufagio.

Hiyo habari ya jangwani inanitoa machozi. Lakini nakuomba, nenda kwa Sheikh Mabruk umwulize kuhusu kiapo chako. Huenda kina mlango wa kutokea. Kuuliza si ujinga, Baba.

Binti yako

*

Dumyat, 20 Desemba 2009

Kwa Sawsan wangu,

Salamu zako zimenifikia, nami nakurudishia maradufu. Goti limepona. Afya ya mama yako ni njema, hasira yake pia.

Sheikh Mabruk, asilani! Mtu huyo kazaliwa Dumyat, kanywa maji ya Dumyat, na anashabikia timu ya Kairo. Mtu asiyejua timu yake ni ipi atajuaje mke wangu ni yupi? Nimesema neno mbele ya watu, na neno langu halina bawaba za kufungua na kufunga.

Ngoja nikupe raha. Ijumaa ya kwanza baada ya kiapo nilisimama nje ya ukuta wa uwanja, nikawa naisikia mechi kwa masikio. Iliniuma, mwanangu. Nikarudi karakana, kwa siku tatu nikaunda kiti kirefu, miguu yake mita tatu, kina ngazi na pa kuwekea glasi ya chai. Nikakipachika ukutani, nikaiona mechi yote! Wiki ya pili Gharib kaja na chake, kakipaka vanishi kabisa, kinang'aa kama cha bwana harusi. Sasa viti ni themanini na vitatu. Ukuta wote umejaa mafundi. Chini kuna wauza viazi vitamu vya kuchoma, kuna chai, kuna vikorokoro vya watoto. Ndani wamebaki wafanyakazi wa kiwanda cha vigae, wanapiga makofi kama watu. Sisi tukigonga mbao, njiwa wote wa mjini wanahama. Juzi mfungaji wa bao aliwaacha wale, akaja mbio mpaka ukutani kushangilia nasi. Shahbandar alikunja uso kama aliyemeza ndimu.

Mama yako alipita akakitazama kiti changu. Akasema, "Kiti cha kuchungulia kimekwisha kwa siku tatu. Kitanda changu cha harusi uliniahidi msimu ukiisha. Misimu thelathini na minne, Fikri!" Kweli bado tunalalia kitanda cha chuma cha marehemu mama yangu. Mganga hajigangi, nitasemaje?

Sasa sikia balaa. Tarehe 19 Machi ni mkutano mkuu wa wanachama. Tukifika mia tano na wengi wetu wakamkataa Shahbandar, anaondoka siku hiyohiyo. Tusipofika mia tano, mkataba wake unaendelea miaka minne mingine, na timu inakwenda jangwani. Na mkutano, Sawsan, unafanyika katika ukumbi wa ndani ya uwanja. Kumtoa lazima niingie, na kuingia siwezi mpaka atoke. Nifanyeje?

Baba yako

*

Milano, 14 Januari 2010

Baba yangu mkaidi,

Naibusu mikono yako. Hapa theluji, lakini tu wazima.

Nimecheka viti vyako mpaka mbavu zikaniuma. Ushauri wangu ni uleule: Sheikh Mabruk, hata kama analala na jezi ya Kairo. Ukikataa, basi usiingie. Timu naipenda, ila Mama ni Mama. Watafuteni wengine mia tano.

Jambo moja linanishangaza. Jana nilimpigia Mama nikidhani analia. Alikuwa anaimba! Akamwuliza Mukhtar Waitaliano siku hizi wanapenda makabati ya milango miwili au mitatu. Baba, kuwa macho.

Binti yako

*

Dumyat, 21 Machi 2010

Sawsan, mwanangu,

Salamu baadaye. Kaa chini kwanza.

Tulitakiwa mia tano kabla ya adhana ya Alasiri. Nilisimama nje ya lango tangu asubuhi, nagonga mbao na kuita, "Ingieni! Ingieni!" Gharib akipita akasema, "Fundi, umekuwa mwadhini asiyeswali." Wagonjwa walikuja wameshikwa mikono. Mmoja alitoka hospitali na bandeji. Saa tisa na robo karani akatoka na daftari, kanywea. "Mia nne tisini na tisa," akasema.

Shahbandar alikuwa juu ya ngazi za ukumbi akitazama saa. Akanipungia mkono. "Mzee, karibu ndani!" Kiapo changu anakijua, mji mzima unakijua.

Nikageuka nisimwone, nikakutana uso kwa uso na mama yako. Kavaa koti lake la Idi, mkononi sanduku.

"Ingia," akasema.

"Buthaina, nikiingia umeachika."

"Masikio ninayo. Ingia! Timu ikienda jangwani utashinda nyumbani kila Ijumaa ukininung'unikia mpaka nife. Heri niachwe mara moja."

"Na hilo sanduku?"

"Nakwenda kwa dada yangu kule Ras el-Bar. Ukinitaka, usije na maneno matupu. Njoo unipose upya, Baba Sawsan, na kitanda, na kabati la milango mitatu lenye kioo. Kwa mikono yako, si ya wanafunzi wako."

Watu wanapiga kelele, "Ingia, fundi!" Mimi nalia mbele ya wateja wangu. Nikambusu kichwani, nikasema bismillahi, nikakanyaga.

Mia tano! Waliomkataa mia nne tisini na saba. Wale watatu tunawajua, wana maduka ya vigae. Shahbandar kaondoka kwa mlango wa nyuma, na msumeno unarudi kwenye jezi. Mji uligonga mbao mpaka jua likazama. Walinibeba mabegani, Gharib mguu wa kushoto.

Lakini nyumba imenywea, Sawsan. Sijui chumvi inakaa wapi. Nilianza kumkumbuka kabla hajafika Ras el-Bar. Kesho naanza kitanda.

Baba yako

*

Milano, 6 Aprili 2010

Baba shujaa,

Nimegonga mbao mpaka jirani akapanda juu. Nilipomweleza kisa, akaomba azigonge na yeye.

Likizo sina mpaka Agosti. Nakutumia mashuka mawili ya harusi. Piga randa vizuri, Mama atapitisha kiganja.

Binti yako

*

Dumyat, 22 Mei 2010

Kwa binti yangu,

Salamu zetu sote wawili, narudia, sote wawili. Mashuka yamekaa sawasawa.

Kitanda na kabati vilinichukua wiki saba. Kichwani mwa kitanda nimechonga mizabibu, na pembeni, padogo kabisa, msumeno. Mama yako kapitisha kiganja kila mahali, kachungulia mpaka uvunguni. Kisha akakaa juu yake, akafunika uso kwa mikono, akalia. Nami nikalia. Kabati ndilo lililotuona, maana lina kioo.

Alhamisi tukafanya karamu ya kurudiana, palepale uwanjani. Tulikula bata, tukala peremende za Dumyat mpaka meno yakauma, watu kama mia mbili. Nikamwita Sheikh Mabruk atufungishe. Alikula kwanza, akajifuta ndevu, akauliza, "Nimfungishe nani?"

"Mimi na Buthaina, Sheikh. Nilimwacha kwa kiapo."

"Ulikusudia kumwacha?"

"Mimi? Nilikusudia kumkasirisha Shahbandar!"

"Basi hukumwacha. Kiapo kama hicho ukikivunja, unalisha maskini kumi, yamekwisha."

Nikatazama viti vyote vile vilivyojaa. "Sheikh, hawa ni mashabiki wa Msumeno. Hesabu kumi wowote."

Uwanja mzima ukacheka. Sheikh akasema, "Ila nashangaa hukujua. Mkeo nilimweleza tangu Oktoba."

Nikamgeukia mama yako. Anajipigia zake bata, hata hapepesi macho. "Ungeniuliza ningekuambia," akasema. "Hukuuliza."

Nikasimama, nikanyanyua kidole, nikaanza, "Wallahi, nikila tena chakula cha mwanamke huyu, basi..."

Mama yako akanijaza peremende mdomoni kabla sijamaliza.

Baba yako