Kura ya Wale wa Kikohozi

Mpendwa kaka,

Nimelifungua daftari langu la mwaka 1996. Kwenye likizo ya Juni, siku ya Jumapili, nimeandika mstari mmoja: "Leo nimemshinda kaka kwa hoja." Hapakuwa na hoja, kaka. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa umelala kaburini Nambilanje tangu mwaka jana.

Unakikumbuka kibanda cha Mbaraka, kinyozi wetu pale Nachingwea mjini? Kila Jumapili ulitoka Mtua kwa baiskeli, redio kaseti umeifunga nyuma kwa mpira, betri umezianika juani tangu asubuhi. Kanda zetu za roki zilikuwa nakala ya nakala, hazina jalada wala jina, kwa hiyo majina tulizipa wenyewe. Kulikuwa na Wale wa Mizinga, kwa sababu ya ngoma zao. Kulikuwa na Wale wa Kinanda. Na kulikuwa na bendi yako, Wale wa Kikohozi, kwa kuwa mwimbaji wao alikohoa kidogo kabla ya wimbo kuanza. Orodha ya bendi kubwa kuliko zote iliandikwa kwa chaki kwenye mlango wa Mbaraka. Mimi, mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye mwandiko mzuri, ndiye niliyekuwa katibu.

Siku ile kura zilikuwa zinakuendea wewe.

"Hawa ndio baba lao," ulisema. "Mizinga wanapiga kelele tu."

"Katibu, andika!" Mbaraka akaniamrisha, wembe mkononi. "Wa kwanza, Kikohozi. Mbona chaki imekuwa nzito?"

Watu wakacheka. Niliona aibu kushindwa na mtu aliyeishia darasa la saba. Nilifikiri hivyo hasa, kaka, kwa maneno hayo hayo, wakati karo yangu ilitoka kwenye mikorosho uliyoipulizia salfa mpaka ukakohoa kuliko yule mwimbaji.

Nikakuuliza mbele ya wote, "Unajua anaimba nini huyo?"

"Kafiwa huyo. Sikiliza sauti yake."

"Nakuuliza maneno."

"Maneno siyajui. Msomi ni wewe, bwana mdogo. Tuambie."

Ukarudisha kanda nyuma. Ulinisubiri kwa furaha. Nilisikiliza. Mengi yalinipita, lakini mawili niliyasikia sawasawa, maneno ya Kiingereza cha kidato cha kwanza: mama, na kaburi. Na nilijua kwa nini ulikuwa huichoki kanda ile. Mama yetu tulimzika masika yale yale. Tangu arobaini yake ulikuwa ukiupiga wimbo ule barazani, hutaki mtu akusemeshe.

Nikasema, "Anamwimbia mbwa wake. Kapotea."

Kibanda kizima kilipasuka kwa kicheko. "Kumbe miezi yote hii tunamlilia mbwa!" Mbaraka alisema, na mteja wake mwenye povu nusu kichwa akaanza kubweka. Wewe ulicheka mwisho, baada ya wengine wote. Kisha ukaifuta bendi yako mlangoni kwa kiganja, wewe mwenyewe, ukaniambia, "Waandike Mizinga, katibu." Nikaandika.

Njiani hukuniuliza kitu. Barazani wimbo ule haukusikika tena. Ulipohamia Nambilanje kulima ufuta nilikuja kukuona mara nyingi, na kila mara nilipanga kukueleza, kisha nikaona ni jambo la kitoto, umeshalisahau. Nilijidanganya kama nilivyokudanganya.

Sasa sikia kilichotokea Jumapili iliyopita. Shemeji alikuja hapa Ruangwa na mwanao Somoe, wakaniletea redio yako. Kanda ya Kikohozi ilikuwa kwenye kimfuko, umeifunga kwa uzi. Somoe akaiweka. Yule bwana akakohoa, akaanza kuimba, na mimi nikainuka nikasimama dirishani.

"Baba mdogo, unaujua huu?" Somoe akauliza. "Unahusu mbwa aliyepotea. Baba alisema kila akiusikia moyo unamwambia kuna msiba, lakini moyo wake haukusoma. Wewe ndiye uliyesoma."

Kaka, miaka yote nilidhani ulijua kuwa nimesema uongo, ukanisitiri. Hilo ningeweza kulibeba. Sikujua kwamba uliniamini. Uliliacha sikio lako mwenyewe, lililosikia sawasawa, ukashika neno langu.

Nilimwambia Somoe ukweli. "Anamlilia mama yake, yuko kaburini. Baba yako alisikia vizuri. Mimi nilimdanganya nisishindwe."

Alinitazama kwa macho yako yale. Aliirudisha kanda nyuma mpaka kwenye kikohozi, akakaa sakafuni kuisikiliza upya, na kwa mkono akanionyesha ninyamaze.

Lala salama, kaka. Wa kwanza ni Wale wa Kikohozi. Nimeandika.

Mdogo wako,
katibu